UZI: Jinsi ya kumbana diwani na mbunge wako bila kupiga magoti wala kupiga kelele (nimepitia mwenyewe, Dar)

Mzazi wa Darasa la Tatu (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika hili kabla halijapoa. Mimi si mwanasiasa, sina kadi ya chama chochote, nauza vipuri vya pikipiki. Ila kwa miaka hii miwili nimejifunza namna ya kumfanya mtu niliyempigia kura atekeleze jambo, na nimejifunza kwa kukosea. Mtaa, kata na shule sitavitaja. Walio jirani watajijua.

Ilianzia chooni. Binti yangu alikuwa akitoka shule anaingia mbio moja kwa moja chooni, begi bado liko mgongoni. Kila siku ya Mungu. Mama yake akahisi ni mkojo mchafu, akampeleka kupima, hana kitu. Tukamkalisha taratibu, ndipo akasema: shuleni hakojoi. Asubuhi hanywi hata chai, ili asibanwe.

Nikaenda shuleni. Wanafunzi 1,840, matundu ya vyoo 12. Wasichana 940 wanagawana sita. Mwongozo wa Serikali unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Nilipiga hesabu nyuma ya risiti ya dukani nikapata yanatakiwa 83.

Sasa makosa yangu.

La kwanza, nilimvizia mbunge msibani. Nikamsogelea watu wanapanga mstari wa kunawa, nikamweleza harakaharaka. Akanishika bega: "Nimelipokea, kaka." Nikarudi nyumbani kifua mbele. Ndugu zangu, hilo neno liogopeni. Limepokelewa, limewekwa wapi? Siku ile alikuwa ameshapokea mambo kama kumi na tano kabla ya langu, na hakuwa na hata kalamu.

La pili, nilirusha picha ya choo kwenye grupu la WhatsApp la kata, nikaandika maneno makali. Diwani alinipigia usiku, amewaka. Alichosikia yeye ni kwamba natafuta udiwani.

La tatu, tulikwenda wazazi kumi na mmoja ofisi za halmashauri bila barua wala miadi. Tulikaa kwenye benchi hadi saa tisa, tukaondoka na jua letu.

Aliyenifungua macho ni mwalimu mstaafu wa hapa mtaani. Aliniambia: "Unamtuma diwani vitani mikono mitupu. Akisimama kikaoni atasema nini, 'nimeambiwa'? Mpe kitu cha kushika."

Basi nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikakaa chini ya mwarobaini siku tano mfululizo, mapumziko ya saa nne, na daftari. Kengele inalia, mstari wa wasichana unafika hadi kwenye bomba. Nilihesabu vichwa kengele ilipolia na nikahesabu tena iliporudiwa. Jumatatu, waliorudi darasani bila kuingia chooni walikuwa 37. Jumanne 41. Jumatano mvua ilinyesha, hawakupanga kabisa, wakaenda nyuma ya ukuta. Nayo niliiandika.

Tukapeleka hoja kwenye mkutano wa mtaa, ikaandikwa kwenye muhtasari. Barua ikawa ukurasa mmoja tu. Sikuandika "changamoto mbalimbali zinazoikabili shule yetu", maana barua za namna hiyo zimejaa makabatini. Tuliomba matundu 20. Hayo 83 hata mimi ningekuwa diwani ningecheka. Tukaambatisha hesabu za siku tano, muhtasari na saini za wazazi 214. Mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri.

Kisha masijala, pale halmashauri inapopokelea barua. Hapa sikilizeni vizuri. Nenda na nakala mbili. Moja inabaki, ya kwako inagongwa IMEPOKELEWA na tarehe. Barua isiyo na muhuri huo, wiki mbili baadaye "haijaonekana", na hutakuwa na la kusema.

Diwani niliyemkasirisha nilimfuata nyumbani kwake Jumapili asubuhi, nikamwomba radhi kwanza, ndipo nikampa faili lake. Alilisoma palepale kibarazani, chai inapoa. Akauliza swali moja tu: "Hizi namba ukiulizwa utazisimamia?" Nikamwonyesha daftari.

Ilikuwa Novemba. Hoja ikapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, ikaingia kwenye makisio ya bajeti ya halmashauri, Februari baraza likapitisha matundu 10 kwa mapato ya ndani. Tukashangilia kama tumechukua kombe. Mwaka mpya wa fedha ukaanza Julai. Agosti kimya. Oktoba kimya. Kupitishiwa fungu na kupata fedha ni vitu viwili, hili hakuna aliyekuwa ametuambia. Tukaandika tena kuuliza fungu limefikia wapi, muhuri tena, nakala kwa diwani.

Huku nyuma tukaanza kuchimba wenyewe. Jumamosi tatu, sululu za kuazima. Futi ya tano maji yakachomoza, mnajua huku kwetu Dar chini kulivyo, ikabidi fundi abadilishe ramani, tujenge kwa kuinua. Kwa sababu tulikuwa tumeshaanza, mbunge akapata pa kuingilia: Mfuko wa Jimbo, zile fedha za miradi ya maendeleo jimboni, ukatoa saruji na mabati.

Leo shule ina matundu 24. Hayatoshi. Foleni ipo. Lakini binti yangu siku hizi anaondoka na chupa ya maji.

Karibuni kwa maswali. Matusi pia, nimeyazoea.

---

Konda Mstaafu

Chai hii ina sukari nyingi. Yaani diwani amekupa matundu kumi kwa sababu ya daftari? Bahasha ilikuwa na ngapi, mkuu? Sema tu, hatutakusema.

---

Mzazi wa Darasa la Tatu

@Konda Mstaafu hakuna bahasha. Gharama yangu ilikuwa kurudufu karatasi, nauli na soda ya fundi. Tena nikuambie, ukimpa hela umemfunza bei yako. Mwakani ataingoja. Na sheria ya kuzuia rushwa ya 2007 inambana anayetoa sawasawa na anayepokea.

---

Mtendaji Mstaafu

Nimekaa ofisi za kata miaka 19, nimehamishwa kata tano hapahapa jijini. Mleta mada hajasema uongo, ila ngoja niwaonyeshe jikoni kulivyo.

Kamati ya Maendeleo ya Kata mwenyekiti wake ni diwani, katibu ni mtendaji wa kata, wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Kila mtaa unaleta vipaumbele vyake. Mwenyekiti mmoja anasema "barabara, maji, umeme, zahanati, soko, vijana". Huyo ametaja vyote, kwa hiyo hajataja kitu. Mwingine analeta jambo moja lenye muhtasari, idadi na nguvu za wananchi zilizokwisha kutumika. Mimi ndiye niliyekuwa naandika. Mnadhani mkono wangu ulikuwa unaelekea wapi?

Kuhusu majira: mtaani na kwenye kata mambo yanapangwa Novemba na Desemba. Januari na Februari halmashauri inajadili na kupitisha makisio. Aprili hadi Juni Bunge la bajeti liko Dodoma. Julai mosi mwaka wa fedha unaanza. Watu wengi huamka Mei, wanapoona bajeti kwenye televisheni, wanaanza kumpigia mbunge simu. Baba, treni imeshapita Morogoro hiyo.

Jambo la pili, jueni nani ni nani. Mwenyekiti wa mtaa, diwani na mbunge mmewachagua. Meya anachaguliwa na madiwani wenzake. Mkurugenzi, mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa wanateuliwa na Rais, kura yako haiwatishi. Mkurugenzi ndiye katibu wa baraza, faili linapita kwake, lakini anayeweza kumsimamisha kikaoni ajibu ni diwani. Mbunge naye ni mjumbe wa baraza la madiwani, wengi hawalijui hilo. Wanamwona ni mtu wa Dodoma tu.

Tena baraza linakaa kila robo mwaka, na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Hamtaongea, mtakaa. Lakini diwani anayewaona watu wake sita wamekaa nyuma pale, nawaambia, hata koti analifunga vifungo.

---

Mpangaji Sinza

Swali la kijinga kidogo. Mimi ni mpangaji, nahama kila mwaka. Hivi nina haki gani ya kusimama kwenye mkutano wa mtaa? Mwenye nyumba wangu anasema yale ni ya wenyeji.

---

Mtendaji Mstaafu

@Mpangaji Sinza mwenye nyumba wako anakutania. Mkutano wa mtaa ni wa wakazi waliofikisha miaka 18. Hauulizi hati ya kiwanja. Hapa Dar tukiwatoa wapangaji, mwenyekiti atahutubia viti.

---

Wakili wa Kujitegemea

Naongeza la kisheria, kwa ufupi.

Katiba ya 1977, ibara ya 21(2), inampa kila raia haki ya kushiriki kikamilifu katika kufikia uamuzi wa mambo yanayomhusu yeye na maisha yake. Mtu akikuambia "wewe kama nani?", jibu ndilo hilo, sema kwa upole.

Ile barua ya pili ya mleta mada, ya kuuliza fungu limefikia wapi, ingepata nguvu zaidi kama ingetaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Raia akiomba taarifa kwa maandishi, ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Kuna taarifa zinazozuiliwa, lakini fedha za choo cha shule hazimo.

Na msipoteze muda kutishia "tutakurudisha nyumbani". Kwetu mwananchi hana utaratibu wa kumvua mtu ubunge katikati ya kipindi. Wakenya wameuandika kwenye Katiba yao ya 2010, ibara ya 104, pamoja na haki ya kupeleka ombi bungeni moja kwa moja, ibara ya 119. Sisi tunapita mlango wa mwakilishi, kwa hiyo jifunzeni kuubisha.

---

Bintimbezi

Wakili ameongea mambo ya kupata. Mimi niseme ya kupata na kupoteza, maana hayo ndiyo yananiuma.

Mnaikumbuka kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike? Wanawake walipaza sauti, wabunge wanawake wakaibeba, bajeti ya 2018/19 ikaifuta. Tulishangilia, kila mtu akaenda zake. Bei madukani haikushuka kama ilivyotarajiwa. Mwaka uliofuata, 2019/20, Waziri wa Fedha akairudisha kodi, hoja yake ikiwa kwamba nafuu haikumfikia mtumiaji.

Sasa jiulizeni, kwenye mwaka ule mmoja, kama vikundi vyetu vingekuwa vinaandika bei kila mwezi, duka kwa duka, Kariakoo, Manzese, Mbagala, yule waziri angejibiwa kwa karatasi. Hatukuwa nazo. Tulikuwa na furaha tu.

Halafu msiwasahau wabunge wa viti maalum. Mkoa mzima ni wao, hawana jimbo la kujificha nyuma yake, na suala la choo cha wasichana halihitaji maelezo marefu kwao.

---

Muuza Vitenge

Naunga mkono hoja, ila kuna wakati barua haitoshi, tusidanganyane. Mei 2023 Kariakoo tulifunga maduka. Mlifikiri tulianza na kufunga? Tulishasema kwa midomo na kwa maandishi. Tulipofunga, Waziri Mkuu alikuja mwenyewe, tukakaa naye Mnazi Mmoja.

Na tozo ya miamala ya simu je? Ilipita bungeni Juni 2021 kwa mikono ya haohao wawakilishi. Ikaanza kukatwa Julai, nchi nzima ikalia, Septemba wakapunguza asilimia 30. Mwaka uliofuata wakapunguza tena. Kelele nazo zina kazi yake.

---

Mzazi wa Darasa la Tatu

@Muuza Vitenge sibishi. Kariakoo ikifunga, nchi inakosa usingizi. Mimi nikifunga duka langu la vipuri, anayekosa usingizi ni mke wangu. Mnyonge aliye peke yake huko mtaani anahitaji njia nyingine, na karatasi ni rahisi. Hata nyinyi, siku mlipokaa pale Mnazi Mmoja, waliosikika vizuri ni wale waliokuwa na hoja zilizopangika.

---

Kijana wa Ubungo

Mimi nipo chuo, niwape moja dogo lisilohitaji nauli. Tovuti ya Bunge inaweka taarifa rasmi za mijadala, ile wanaita Hansard. Ingia, tafuta jina la mbunge wako, soma ameuliza nini na ameuliza mara ngapi. Wa kwetu nilimkuta ameuliza kuhusu maji tu, tena vizuri. Basi tulipomwandikia suala la taa za barabarani tulianza kwa kumshukuru kwa yale ya maji, tukataja na tarehe. Katibu wake alipiga simu siku iliyofuata. Nadhani hakuna aliyewahi kumwambia kuwa amesoma alichosema.

Pia mwandikieni swali lenyewe, kabisa, la mistari mitatu. Mbunge akiuliza swali la msingi anapata na maswali mawili ya nyongeza. Mkimpa yote matatu yakiwa yameandikwa, mmemfanyia kazi ya nyumbani.

Na miswada ikifika kwenye kamati za Bunge, huwa wanatangaza kupokea maoni ya wadau. Mdau ni wewe pia. Muda unaotolewa mara nyingi ni mfupi, tena ukikuta mswada umekuja kwa hati ya dharura, yaani unaharakishwa, ndiyo balaa, kwa hiyo usingoje kusikia redioni.

---

Konda Mstaafu

Haya, nimesoma yote. Bado sijaamini kwa asilimia mia, ila nimeshuka kwenye sabini za ubishi. Sasa mimi nina kero yangu: kituo chetu cha daladala hakina hata kibanda, kina mama na watoto wanapigwa jua na mvua. Naanzia wapi? Na wewe mleta mada weka hiyo barua hapa tuione, acha kutuhadithia.

---

Mzazi wa Darasa la Tatu

@Konda Mstaafu anza kwa kuhesabu. Wewe ulikuwa konda, kuhesabu vichwa ndiyo kazi uliyoijua. Asubuhi saa kumi na mbili hadi saa mbili, siku tano, watu wangapi wanasimama, wangapi wana watoto mgongoni. Halafu ulizia hilo eneo liko chini ya nani kabla hujaandika, usije ukampelekea barua asiyehusika. Barabara za mitaa tangu 2017 ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini; kubwa ni za TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Diwani hana mhandisi wa barabara mfukoni, ila anaweza kuwaita waje kujieleza.

Barua yetu bila majina ilikuwa hivi:

*Mkurugenzi wa Halmashauri,*
*Kwa kupitia: Mtendaji wa Kata*

*YAH: OMBI LA MATUNDU 20 YA VYOO KATIKA SHULE YETU YA MSINGI*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Sisi wazazi 214, wakazi wa mtaa huu, tunaomba matundu 20 ya vyoo yaingizwe kwenye makisio ya mwaka ujao wa fedha. Shule ina wanafunzi 1,840 na matundu 12. Wasichana 940 wanatumia matundu sita. Kwa siku tano tulizohesabu, wasichana wengi walirudi darasani bila kupata huduma (hesabu imeambatishwa).*

*Wazazi tuko tayari kuchimba mashimo. Tunaomba kujulishwa kwa maandishi.*

*Nakala: Mheshimiwa Diwani, Mheshimiwa Mbunge, Afisa Elimu Msingi, Mwalimu Mkuu.*

Basi. Mtoto wa mwalimu mstaafu alitaka kuongeza aya kuhusu Malengo ya Milenia, tukamzuia.

---

Bintimbezi

"Tukamzuia" 😂😂

---

Konda Mstaafu

MREJESHO, wakuu. Nimechelewa, nilikuwa kazini.

Nimehesabu siku nne, ya tano niliumwa mgongo, mwanangu akahesabu. Jumatatu watu 312 kwa saa mbili, kina mama wenye watoto 46. Mwenyekiti wa mtaa alinizungusha siku mbili akitafuta muhuri, kumbe anao mjumbe mwingine. Leo asubuhi nimefika masijala. Dada wa pale akachukua karatasi moja, akaniuliza hii ya pili ya nini. Nikamwambia ni ya kwangu, igonge. Akaniangalia juu hadi chini, akagonga.

Muhuri umekaa kichwa chini, ila tarehe inasomeka. Diwani yuko ofisini Alhamisi, mwenye nafasi anisindikize, tukutane kituoni saa mbili. Kibanda hakuna, njooni na mwamvuli.